Je, kampuni inaweza kumwendea mdhibiti ili kupinga huduma ya mshindani?

SWALI: Nimesoma kwamba mwaka 2014 Safaricom iliipinga mbele ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya laini nyembamba ya simu iliyoletwa na Benki ya Equity. Je, sheria inaruhusu jambo kama hilo? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ndugu msomaji, inaruhusu. Ibara ya 37 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu, na kampuni ikiwamo, haki ya kuwasilisha maombi kwa mamlaka za umma.

Laini yenyewe ilikuwa utando wenye unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, ambao mteja aliubandika juu ya laini yake ya kawaida na kuvirudisha vyote viwili katika tundu lile lile la simu, akawa na mitandao miwili. Safaricom ilidai kwamba utando huo, kwa kuwa unakaa kati ya simu na laini yake, ungeweza kunasa nambari ya siri ya mtumiaji wa M-Pesa. Ni kweli kwamba benki hiyo ilikuwa ikiingia katika biashara ya kampuni iliyolalamika, lakini mwenye maslahi naye huweza kusema kweli, na hofu ya wizi wa pesa za watu haipuuzwi. Septemba 2014 Mamlaka iliruhusu huduma hiyo kwa majaribio ya mwaka mmoja, na kwa maoni yangu iliamua vyema, kwa kuwa madai yalipata nafasi ya kupimwa.

Miaka sita kabla ya hapo, Safaricom ndiyo iliyokuwa ikipingwa. Benki zilipolalamikia M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, kaimu Waziri wa Fedha John Michuki aliagiza Desemba 2008 ikaguliwe, na Januari 2009 ikatangazwa kuwa ni salama.

Ninachokiogopa mimi ni mazungumzo ya faragha, yasiyo na kumbukumbu ya maandishi, ambayo upande wa pili haupati nafasi ya kuyajibu na mteja hajui kamwe kwa nini huduma aliyoahidiwa imechelewa. Ukishuku jambo la namna hiyo, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu wewe raia kuiandikia Mamlaka ukiomba barua ilizopokea kuhusu huduma fulani, nayo inapaswa kuamua ombi lako ndani ya siku 21.