Maziwa yanakusumbua tumbo? Tafuta kipimo chako kwanza

Mkuu, umeuliza kama uhamie maziwa ya mbuzi au uache maziwa kabisa, maana ukinywa tu tumbo linajaa gesi na kuharisha. Ya mbuzi hayatakusaidia: laktosi yake inakaribiana na ya ng'ombe, na kuyachemsha hakuipunguzi. Kuacha kabisa nako ni mapema.

Laktosi ni sukari ya maziwa. Kimeng'enya cha kuivunja, laktesi, kikipungua kwenye utumbo mwembamba, sukari hiyo hushuka nzima hadi utumbo mpana, huvuta maji, na bakteria huichachusha. Kwa hiyo tatizo ni kiasi. Wengi huhimili gramu 12 hivi kwa mkupuo, yaani kikombe cha mililita 250, hasa wakinywa pamoja na chakula.

Acha maziwa wiki mbili, tumbo litulie. Kisha anza na robo kikombe katikati ya mlo, kaa hapo siku tatu, ndipo uongeze robo nyingine. Tumbo likianza kunguruma (mara nyingi nusu saa hadi saa mbili baada ya kunywa), rudi hatua moja nyuma. Hicho ndicho kipimo chako.

Mtindi wenye bakteria hai huvumilika zaidi kwa sababu bakteria hao wana laktesi yao. Ukiupasha moto umewaua. Jibini ngumu iliyokaa miezi, siagi na samli vina laktosi kidogo mno. Kinachowanasa watu ni maziwa ya unga: yale yasiyo na mafuta, karibu nusu ya uzito ni laktosi, nayo hujificha kwenye biskuti, supu za pakiti, hata soseji. Soma viambato.

Vidonge vya laktesi vimeze na tonge la kwanza. Ukisubiri tumbo liume umechelewa. Matone yake weka kwenye maziwa baridi, yalale kwenye friji saa 24. Usiyatie kwenye chai ya moto, joto huharibu kimeng'enya. Maziwa yatakuwa matamu zaidi, usishtuke.

Kalsiamu, mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 hivi kwa siku. Kula samaki wadogo na mifupa yao, au maziwa ya soya yaliyoongezwa kalsiamu. Tikisa pakiti vizuri, hutuama chini. Spinachi usiitegemee, oksaleti yake huizuia kalsiamu isifyonzwe.

Ukiona damu chooni au unakonda bila sababu, usiisingizie laktosi, nenda ukapimwe. Na midomo ikivimba au ukitokwa na vipele, hiyo ni aleji ya protini ya maziwa: hapo hakuna cha robo kikombe, acha kabisa ukamwone daktari.