Je, Darth Vader Alimtaja Luke kwa Jina?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na kaka yangu tunazipenda mno filamu za Star Wars, lakini hatuelewani kuhusu jambo moja: je, Darth Vader, yule mwovu wa kinyago cheusi, alisema, "Luke, mimi ni baba yako"? — Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, hakusema hivyo, ingawa wengi huapa kwamba waliyasikia maneno hayo kwa masikio yao. Katika filamu ya The Empire Strikes Back ya mwaka 1980, Luke, kijana shujaa wa hadithi hiyo, akiwa amekwisha kukatwa mkono na kung'ang'ania juu ya shimo refu, anamwambia Vader kwamba ndiye aliyemuua baba yake, naye anajibiwa, "Hapana, mimi ndiye baba yako." Uzito wote umo katika ile "hapana", na ndiyo maana kwa Kiswahili ninaona "ndiye" inafaa kuliko "ni".

Siri hiyo ilitunzwa sana, kwa kuwa David Prowse, aliyevaa vazi la Vader, alipewa maneno ya uongo kwamba Obi-Wan, mwalimu wa Luke, ndiye aliyemuua baba huyo, huku Mark Hamill, aliyeigiza kama Luke, akinong'onezwa ukweli muda mfupi kabla ya kupigwa picha, na sauti ya Vader, yaani ya mwigizaji James Earl Jones, ikaingizwa baadaye.

Hata hivyo, kauli ninayoipenda kuliko zote imo katika filamu hiyo hiyo: binti mfalme Leia anamwambia rubani Han Solo, anayekaribia kugandishwa, "Nakupenda," naye anajibu neno moja tu, "Najua."