Mama hapasuliwi kifua, mimi nimefanyiwa

Mkuu, pole na mama. Umesema ameambiwa huko Newala moyo wake unahitaji kuunguzwa kwa mrija, nanyi mnahofia kupasuliwa kifua. Hapasuliwi. Mimi niko Mikindani, nilifanyiwa.

Moyo wangu ulianza kwenda mbio msimu wa korosho. Nimeinama naokota, ghafla kifuani kama kuku anapapatika ndani ya tenga. Karibu nusu saa, kisha ukatulia wenyewe. Kila nikifika zahanati umeshatulia, napimwa presha, naambiwa ni wasiwasi. Nyumbani wakasema mashetani. Miaka mitatu ikaenda hivyo, na bado inaniuma. Siku moja uligoma kutulia, nikapanda boda, nikapimwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ukiwa bado unakimbia: mapigo 190 kwa dakika. Karatasi ile ndiyo iliyonipatia rufaa ya Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar. Basi mama moyo ukianza mbio apelekwe palepale, asisubiri, na karatasi muitunze kama hati ya shamba. Akizimia, hiyo ni dharura.

Mimi nilikuwa na kinjia cha ziada cha umeme ndani ya moyo. Umeme unazunguka humo badala ya kushuka. Walinichoma ganzi kwenye kinena, wakapitisha mirija myembamba kwenye mshipa mpaka moyoni, mimi niko macho. Kilichonitisha ni kwamba wao wenyewe waliuchokoza moyo uanze mbio, ili waone umeme unapita wapi. Nilimshika nesi mkono kwa nguvu. Halafu nikasikia joto kifuani, daktari akasema, "Usitikisike, mama." Wakaunguza sehemu ndogo sana, basi.

Muulizeni daktari mama ana aina gani ya mbio za moyo. Ya kwangu hupona kwa zaidi ya watu tisa kati ya kumi. Ile ya vyumba vya juu vya moyo kutetemeka ovyo hurudi mara nyingi zaidi, na humezewa dawa za kuzuia damu kuganda. Inayotoka vyumba vya chini mara nyingi ndiyo nzito. Ulizeni pia uwezekano wa kuunguza njia halali ya umeme. Ni mdogo, ila ikitokea mtu huwekewa betri ya moyo, kifaa cha kuufanya upige sawasawa.

Msipande basi la kusini kesho yake. Mimi nilikaa kwa shemeji Mbagala siku tatu. Kinena kikitoa damu, mkandamize kwa nguvu, mrudi hospitali.