Kabla ya kuuza parsele: jibu kwa wanaoniuliza njia ya Brazil

Mama, umeniuliza mambo mawili, na si wewe peke yako. Goma, kutoka Birere mpaka Ndosho, maswali ni hayo hayo. La kwanza: yule komisioneri, dalali wa safari, anayedai dola 9,000 ili kijana afike Brazil, kisha ashike njia mpaka Marekani, anasema kweli? La pili: ni kweli kwamba huku Marekani wanatufungia mlango kwa sababu wageni ndio wanaoingiza madawa ya kulevya? Najibu yote pamoja, kwa sababu kule kwenye mpaka wa Mexico wanaotoza pesa kwa kupitisha watu na wanaopitisha madawa ni wakubwa wale wale.

La kwanza ni fupi: usiuze parsele. Njia hiyo ilikuwepo, sasa haipo.

Ilikuwepo kweli, na ndiyo maana maneno yake yanaingia masikioni. Katikati ya mwaka 2019 Wakongo na Waangola kwa mamia walivuka mto Rio Grande wakaingia Texas. Mji wa San Antonio ulitafuta kwa haraka watu wanaojua Kifaransa, na kule kaskazini kabisa, Portland katika jimbo la Maine, walifungua ukumbi wa michezo kulaza watu zaidi ya 400. Picha za wakati ule bado zinatembea kwenye simu. Komisioneri anakuonyesha picha ya 2019, anakulipisha safari ya leo.

Halafu anasema "Brazil" kana kwamba Marekani iko ng'ambo ya mto Ruzizi. Kutoka São Paulo mtu anapanda basi baada ya basi, anapita Peru na Ecuador mpaka Colombia. Kwenye mji wa Necoclí anaingia botini kuvuka ghuba ya Urabá mpaka Capurganá au Acandí. Hapo barabara inaisha. Mbele ni msitu wa Darién, kama kilomita 100 za milima, matope na mito mpaka Panama. Wenye nguvu walivuka kwa siku tatu au nne; wenye watoto walichukua wiki na zaidi. Upande wa Colombia lango liko mikononi mwa kundi lenye silaha, Clan del Golfo, na hapiti mtu bila kulipa.

Watu wanaogopa nyoka wa msitu ule. Mto ndio wa kuogopwa zaidi. Mvua inanyesha juu milimani ambako huioni, na maji yanapanda ghafla usiku wakati watu wamelala kando ya mto, maana hapo ndipo penye nafasi tambarare. Kisha kuna maji ya kunywa: wanakunywa ya mto huo huo ambamo kuna kinyesi na maiti, tumbo linaendesha, na mtu aliyeendesha siku mbili hawezi tena kupanda mlima. Kisha wanyang'anyi. Shirika la Médecins Sans Frontières lilitibu zaidi ya watu 600 waliofanyiwa ukatili wa kingono kwenye njia hiyo kwa mwaka 2023 pekee. Kama ni binti mnayetaka kumtuma, mjue hilo kabla ya kuulizana bei.

Anayetoka Panama bado ana Costa Rica, Nicaragua, Honduras, Guatemala, halafu Mexico nzima. Tapachula, mji wa kusini mwa Mexico, Waafrika walikwama miezi mingi mwaka 2019 wakisubiri karatasi ya kuendelea mbele. Kaskazini, kwenye miji kama Reynosa na Nuevo Laredo, magenge yanawateka watu, yanachukua simu zao na kupiga namba za ndugu kudai pesa. Familia ikipigiwa usiku na sauti ya mtu anayelia, mara nyingi simu inatoka huko.

Sasa kilichofungwa. Tangu Januari 2023 kulikuwa na programu ya simu, CBP One, iliyokuwa ikitoa nafasi kama 1,450 kwa siku za kuingia kwenye milango rasmi kwa miadi. Ilizimwa Januari 20, 2025, na hata waliokuwa na miadi mkononi walifutiwa. Siku hiyo hiyo rais Trump alitangaza kusimamisha maombi ya hifadhi kwenye mpaka wa kusini. Mashirika yakaenda mahakamani, lakini watu waliendelea kurudishwa. Tazama hesabu: Desemba 2023, mwezi mmoja, askari wa mpaka walikamata watu karibu 250,000. Mwaka wao wa bajeti wa 2025, miezi 12 yote, haukufika 240,000. Na Panama, iliyohesabu zaidi ya watu 520,000 Darién mwaka 2023, ilibaki na elfu chache mwaka 2025, huku wengi waliokuwa wamekwama Mexico wakigeuka kurudi kusini. Wale walikuwa wameshalipa kila kitu. Ingekuwa inapitika wasingegeuka.

Anayejaribu hata hivyo, sheria inamsubiri. Kuingia nje ya mlango rasmi ni kosa la jinai: mara ya kwanza kifungo mpaka miezi 6, kurudi baada ya kufukuzwa, mpaka miaka 2, na zaidi sana kwa mwenye rekodi ya uhalifu. Kufukuzwa kwa haraka bila kumwona jaji kunakufungia mlango miaka 5, hata ukipata baadaye njia halali. Tena si lazima urudishwe kwenu: Agosti 2025 Rwanda ilisema imekubali kupokea mpaka watu 250 wanaofukuzwa Marekani, watu wasio raia wake. Mtu wa Goma ajipigie mwenyewe hesabu ya kuzunguka nusu ya dunia akashushwa Kigali.

Na kuna shimo ambalo makomisioneri hawalitaji kabisa. Februari 2025 Marekani iliyaweka magenge makubwa ya Mexico kwenye orodha ya makundi ya kigaidi. Sheria yao inamnyima hifadhi mtu aliyetoa "msaada" kwa kundi la kigaidi, na bodi yao ya rufaa za uhamiaji ilishaamua kwamba kulazimishwa si udhuru. Kwa hiyo ile pesa uliyotoa ukiwa umeshikiwa bunduki inaweza kugeuka swali kwenye faili lako. Avoka mzuri atalishughulikia mapema. Anayejaza fomu peke yake hajui hata kwamba lipo.

Nije kwenye madawa, maana hapa watu wetu wanaumizwa na maneno, na Wamarekani nao wana kilio cha haki. Kati ya 2021 na 2023 walizika zaidi ya watu 100,000 kila mwaka waliokufa kwa kuzidisha madawa, wengi wao kwa fentanyl, dawa ya kulevya ya maabara yenye nguvu sana. Miligramu 2, punje chache kama za chumvi, zinatosha kuua mtu mzima. Aliyempoteza mtoto kwa kidonge kimoja ana haki ya kutaka mpaka ulindwe, na kumwita mbaguzi ni kumkosea.

Lakini fentanyl inapita wapi? Karibu sehemu tisa kwa kumi ya inayokamatwa inakamatwa kwenye milango rasmi na vizuizi vya barabarani: San Ysidro, Otay Mesa, Nogales. Iko ndani ya magari, kwenye milango, chini ya viti, ndani ya tairi la akiba. Na waliohukumiwa kwa biashara hiyo mwaka 2021, zaidi ya asilimia 80 walikuwa raia wa Marekani. Mtu wa Kivu ataelewa haraka. Mwenye magendo ya coltan hampi mzigo mgeni asiye na karatasi, ambaye kila askari anamkodolea macho. Anampa mtu anayepita kila siku, anayesalimiana na walinzi kwa jina. Kilo moja garini inavuka kwa saa moja. Begani jangwani ni siku kadhaa, na anayebeba anaweza kufa kwa kiu mzigo ukapotea.

Wanaotaka ukuta wanajibu kwamba hesabu hiyo ni ya kinachokamatwa tu, na hakuna anayehesabu kinachopita jangwani. Ni hoja ya kweli, na zamani bangi ilibebwa begani sana kweli. Ila bangi ni mzigo mkubwa wa bei ndogo, fentanyl ni mzigo mdogo wa bei kubwa. Mimi naona pesa inayowekwa kwenye mashine za kupiga picha magari inaokoa watu wengi kuliko inayowekwa kwenye chuma katikati ya jangwa. Na naona pia kwamba mpaka unalindika vizuri pale penye mlango unaofunguka. Petite Barrière, kwenye mpaka wa Goma na Gisenyi, maelfu ya watu wanavuka na jeto kwa sababu karatasi ile ni rahisi na kila mtu anaijua. Siku wakifunga, watu hawaachi kuvuka. Wanamlipa anayejua vichochoro.

Hata hivyo, msafiri anaweza kutiwa kwenye mzigo bila kupenda. Jangwani Arizona kuna waliovishwa begi la madawa kwa sababu pesa ya kuvushwa ilipungua. Na kabla ya kufika huko kuna viwanja vya ndege. Tiketi ikinunuliwa na mtu usiyemjua, ujue anaweza kuwa anataka mgongo wako. Funga begi lako mwenyewe. Usipokee kifurushi cha mtu, awe shemeji au mchungaji: si sombe kavu, si viatu vipya, si unga, si dawa ya kienyeji. Kaunta wakikupa kile kikaratasi cha namba ya begi, hesabu: mabegi mangapi, vikaratasi vingapi, vyote viko kwa jina lako? Kikizidi kimoja, sema hapo hapo, mbele ya mfanyakazi, kwa sauti. Brazil hukumu ya kusafirisha ni miaka 5 mpaka 15. Marekani mchanganyiko wenye fentanyl wa gramu 40 unaanzia miaka 5, gramu 400 unaanzia miaka 10. "Sikujua" haimtoshi jaji kama alama zote zilikuwa mbele ya macho yako.

Walio tayari ndani ya Marekani wana vita vingine, vya karatasi. Ombi la hifadhi linawasilishwa ndani ya mwaka 1 tangu kuingia, fomu I-589. Kibali cha kazi unaruhusiwa kukiomba siku 150 baada ya hapo, na hakitoki kabla ya siku 180. Ukiahirisha kesi wewe mwenyewe, siku zinasimama. Julai 2025 waliweka malipo: dola 100 za ombi, 100 kila mwaka kesi ikisubiri, na 550 za kibali cha kwanza. Kesi zinazosubiri mahakamani zinazidi milioni 3. Kwa hiyo msimpigie mtu mwezi wa pili mkimwomba minerval (ada ya shule) ya watoto. Hana kazi halali, analala kwa watu. Na anayejiita "notario" huku si avoka, hata akiwa na ofisi na mhuri.

Kesi nyingi zetu zinaharibikia kwenye lugha. Mtafsiri anakuja kwa simu, mara nyingi Kiswahili chake ni cha Tanzania au Kenya. Unasema "baba" ukimaanisha baba mdogo, yeye anaandika baba mzazi. Fomu inasema baba mzazi alikufa 2012, na sasa ofisa anaona umesema alikuwa nawe 2022. "Ndugu" anageuzwa kaka wa tumbo moja, "mtoto wangu" ni wa dada yako. Taja ukoo kwa mzunguko: mdogo wake baba, mtoto wa dada yangu. Saa vilevile: "saa mbili" inaweza kuandikwa 2:00, yaani saa nane ya usiku, wakati wewe unasema asubuhi watoto wakienda shule. Taja na jua lilivyokuwa. Majina yetu ni matatu, nomu, postinomu na prenomu. Fomu zao zina la kwanza na la mwisho. Chagua mpangilio mmoja siku ya kwanza, usiubadilishe tena, maana watoto wakiandikwa kwa mpangilio mwingine wataonekana si wako.

Njia halali ni nyembamba, sitakuficha. Kuhamishwa na HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kutoka kambi kama Nakivale, Kyangwali au Nyarugusu ni bure kila hatua. Anayeuza nafasi ni mwizi. Mwaka wa bajeti wa 2024 Wakongo ndio waliokuwa wengi kuliko taifa lolote kati ya wakimbizi 100,000 waliopokelewa. Mpango huo wa Marekani ukasimamishwa Januari 2025, na kwa 2026 wakaweka kikomo cha watu 7,500, sehemu kubwa wakilengwa Waafrikana wa Afrika Kusini.

Inayobaki kwa familia nyingi ni fomu I-730: aliyepokelewa kama mkimbizi au kupewa hifadhi anamwombea mke au mume, na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21. Haina malipo ya serikali, lakini ina miaka 2 tu tangu siku alipopokelewa au kupewa hifadhi, na wengi wanaikumbuka mwaka wa tatu. Tena wanatazama fomu ya kwanza kabisa: mtoto asiyetajwa pale ni kazi kubwa kumthibitisha baadaye. Kwa hiyo siku ya mahojiano ya kwanza, taja wote. Yule wa nje ya ndoa, yule aliyebaki kwa bibi Masisi, na yule mliyepotezana naye wakati wa kukimbia, hata kama hamjui kama yuko hai.