Maswali ya Wasomaji: Shukrani Kabla ya Kunawa

Shikamooni wahariri. Nasikia Myahudi akiamka humshukuru Mungu hata kabla ya kunawa. Inakuwaje, na mikono bado haijaguswa na maji? (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Ni kweli, na inawezekana kwa sababu maneno yale ya kwanza hayana jina la Mungu ndani yake. Ni maneno 12 tu ya Kiebrania, yanaitwa Mode Ani. Mwanamke husema Moda Ani. Maana yake: “Nashukuru mbele zako, Mfalme uliye hai na wa milele, kwa kunirudishia roho yangu kwa rehema, uaminifu wako ni mkuu.” Husemwa ukiwa bado kitandani. Wengi huyatiririsha kwa pumzi moja, wakaharibu maana: inatakiwa kutua kidogo baada ya “kwa rehema”, la sivyo sentensi mbili zinakuwa moja. Sala hii si ya kale sana. Ilitokea katika maandishi ya Moshe ibn Machir, rabi wa Safed, mji wa Galilaya, karne ya 16.

Baada ya hapo ndipo maji. Chukua kopo lisilotoboka, lijaze kwa mkono wa kulia, lipokee kwa kushoto, mwagia wa kulia hadi kwenye kifundo. Badilisha, mwagia wa kushoto. Endelea kwa zamu mpaka kila mkono upate mara tatu. Kosa la kawaida ni kumaliza mara tatu za kulia kwanza, kisha kuhamia kushoto. Maji yaangukie kwenye beseni au sinki, yasimwagwe watu wanapopita. Kopo hutangulizwa kuliko bomba kwa kuwa maji yanatakiwa yamwagwe na mtu. Na kwa mitaa yetu ambako bomba hukauka alfajiri, ndoo na kopo vilivyowekwa tangu usiku ni heri zaidi.

Kwenye kitabu cha sala kuna baraka nyingi fupi za asubuhi, ya kwanza inataja jogoo. Za nini zote hizo? (Msomaji, Mbagala)

Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho ya marabi, katika sehemu iitwayo Berakhoti, ukurasa 60b, inaziunganisha na vitendo vya mtu anayeamka. Ukisikia jogoo, unamshukuru aliyempa akili ya kutofautisha mchana na usiku. Ukifumbua macho, anayewafumbua vipofu. Ukikaa kitako, anayewafungua waliofungwa. Ukivaa, anayewavika walio uchi. Ukikanyaga sakafu, aliyetandaza nchi juu ya maji. Ukivaa viatu, aliyekutimizia mahitaji yako yote. Yaani shukrani ilikuwa inakwenda sambamba na mwili, hatua kwa hatua, wala haikuwa orodha ya kusoma.

Baadaye zikakusanywa na kusomwa mfululizo, na Maimonides, mwanasheria mkuu wa Kiyahudi wa karne ya 12, hakuupenda utaratibu huo: kwake, baraka husemwa kitendo kinapotokea. Desturi ya leo ni kuzisoma zote, hata kama hukusikia jogoo. (Jogoo wa Mbagala anayewika saa nane usiku hakulazimishi kuamka.) Kwa maoni yetu, anayejifunza aanze na tatu au nne akizisema huku akitenda, zilizobaki atazizoea.

Kitabu cha sala kinasema Shema, lile ungamo la imani la “Sikia, Ee Israeli”, isomwe kabla ya saa tatu kwisha. Saa tatu ya wapi? (Msomaji, Kariakoo)

Hapa Mswahili ana bahati: hesabu inafanana na yetu, inaanza jua linapochomoza. Mchana, mrefu au mfupi, hugawanywa sehemu 12, na Shema iwahi kabla ya sehemu ya tatu kumalizika. Dar es Salaam mchana haubadiliki sana, ila jua halichomozi saa kumi na mbili kamili kila siku. Julai huchelewa zaidi ya nusu saa. Kwa hiyo mwisho wa Shema unacheza kati ya saa tatu kamili, kama Novemba, na saa tatu na nusu, kama Julai. Ukitaka usalama, maliza kabla ya saa tatu. Sala yenyewe ya asubuhi, Amida, ina nafasi hadi mwisho wa sehemu ya nne.

Mimi Mkristo. Naweza kuzitumia sala hizi za asubuhi? (Msomaji, Mbezi)

Maneno ya shukrani, ndiyo. Zaburi 145 hadi 150, zinazosomwa kila asubuhi, unazo tayari kwenye Biblia yako. Shali ya pindo na vile visanduku vya ngozi vya mkononi na kichwani waachie wenyewe. Ni amri kwao, si mapambo ya ibada.