Lulu hizi za kweli au napigwa?

SWALI: Shangazi shikamoo. Binti yangu anaolewa, nimeonyeshwa mkufu wa lulu pale Mji wa Kale, muuzaji anaapa ni za asili, za baharini kabisa, lakini bei yenyewe rahisi mpaka naogopa. Nitajuaje? – Mama Bi Harusi, Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Kwanza toka nazo nje kwenye mwanga wa mchana, zile taa za duka zinang'arisha hata kifungo cha shati. Lulu nzuri inang'aa kwa ndani, ukiinamia unajiona uso, hafifu iko kama chaki iliyopakwa mafuta. Halafu isugue taratibu kwenye meno ya mbele, ya kweli inakwaruza kama ina mchanga mwembamba, ya plastiki ama gilasi mara nyingi inateleza tu (muombe ruhusa kwanza, asije akadhani unamlia mali). Chungulia na tundu la uzi, feki utaona rangi imebanduka ukingoni. Zikifanana zote kama pacha, shtuka.

Sasa huyo wa kuapa. Karibu lulu zote sokoni siku hizi ni za kufugwa (mtu humpandikiza chaza au kome makusudi ili atengeneze lulu), Mikimoto wa Japani alifaulu kuzifuga tangu 1893, na nyingi za bei nafuu ni za maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, kutoka China. Si feki hizo, ila si za asili, na meno hayatakwambia tofauti, mpaka eksirei ya maabara. Hana cheti? Mlipe bei ya kufugwa.