Grafu ya mstari kwa mtoto wa kidato cha kwanza: mwanzishie na Mlima

Mkuu, umeuliza kwa nini kijana wako anajaza jedwali la y = 2x + 1 vizuri kabisa, halafu akifika kwenye karatasi ya grafu mstari unapinda. Nafundisha tuisheni ya hesabu hapa Moshi na tatizo hilo nakutana nalo kila muhula. Kukokotoa watoto wanajua. Wasichokijua ni zile namba mbili, ile 2 na ile 1, zinapima nini.

Mimi huanza na Mlima Kilimanjaro, maana kila mtoto wa hapa anauona. Kadiri unavyopanda, joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila kilomita moja ya kimo. Tuseme mjini ni nyuzi 24. Basi x iwe kilomita za kwenda juu kutoka mjini (kimo tu, urefu wa njia usiuhesabu), y iwe joto. Mlinganyo ni y = 24 − 6x.

Sasa mwachie ajaze mwenyewe. x ikiwa 0, y ni 24. Ikiwa 2, y ni 12. Ikiwa 4, y ni 0. Ikiwa 5, y ni −6. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 na mji wetu uko kwenye mita mia nane na kitu, kwa hiyo 5 ndiyo kileleni. Hapo namba hasi inaacha kuwa adhabu ya mwalimu, inakuwa baridi ya kule juu. Mstari unapokata mhimili wa x (ule uliolala), kwenye 4, ndipo maji yanapoganda. Na akikuuliza kwa nini mstari unashuka, mwonyeshe ile −6. Ile 24 ni pale unapoanzia kwenye mhimili wa y (ule uliosimama). Nimeona watoto waliokuwa wanalichukia somo wakibishana juu ya mstari huu hadi giza linaingia, na kwangu hiyo ni furaha kubwa.

Kuhusu kupinda: angalia skeli yake kwanza. Wengi huandika 0, 2, 4, 5 kwenye mhimili wa x kwa nafasi sawa, kwa sababu ndizo namba zilizo kwenye jedwali. Kutoka 4 hadi 5 ni nusu ya kutoka 2 hadi 4, kwa hiyo nukta ya mwisho lazima ikae kombo. Aandike 0, 1, 2, 3, 4, 5 kabla hajaweka nukta hata moja.

Nukta mbili zinatosha kupata mstari, lakini mimi nadai tatu. Ya tatu ikikataa kukaa kwenye rula, kuna hesabu imekosewa, na mara nyingi ni alama ya hasi: x ikiwa −3, 2x + 1 ni −5, ila wengi huandika 7. Wengine hugeuza nukta, (2, 12) wakaanza kwenda juu. Kulia kwanza, ndipo juu.

Akishaweza, mpe y = 3 na x = 3 achore kwenye karatasi moja. Akilaza ya kwanza na kusimamisha ya pili bila kukuuliza, mrudishe kwenye y = 2x + 1 akuonyeshe kwa kidole: akienda hatua moja kulia, mstari unapanda hatua ngapi?